Metalothionini, feritini, S100A4 au MMP-9: uchague ipi kwa risachi ya kansa ya titi hapa Mwanza

Kama uko chuo pale Bugando, au umepelekwa maabara yoyote ya kanda ya ziwa kufanya risachi, na umeshaamua unataka kansa ya titi kwa upande wa protini zinazoshika madini, najua ulipokwama. Makala ya kwanza inasema metalothionini ndo kila kitu, ya pili inakupeleka kwenye chuma na feritini, ya tatu S100, ya nne MMP, zote zina picha nzuri za slaidi na zote zinamalizia kwa kusema protini yao inaweza kuwa alama muhimu, na supavaiza anataka proposo Ijumaa. Nimeona wanafunzi wengi wanachagua kwa kuangalia ipi imeandikwa sana mtandaoni, halafu wakifika maabara ndo wanakuta antibodi (ile inayoshika protini unayoitafuta ili ionekane kwa rangi) haipo, sampuli haifai, au jibu watakalopata halisomeki kwa wagonjwa wa huku. Inaniuma, kwa sababu kila bloku (tishu iliyogandishwa kwenye nta ya parafini) mle kabatini ni titi la mama wa mtu, tunaikata vipande mpaka inaisha na hatujajua lolote jipya.

Basi tuziweke hizo nne pamoja tuone.

Kwanza tuelewane. Zinki, chuma, shaba na kalsiamu kila seli inazihitaji, ila zikizagaa ovyo bila mshikaji zinaleta madhara, chuma hasa, ndo maana mwili una protini za kuyapokea haya madini, kuyatunza, kuyasafirisha na kuyatumia. Seli ya kansa kwa sehemu kubwa inachukua protini hizi hizi zetu, inazipandisha au kuzishusha kwa faida yake. Hata risepta ya estrojeni (ER), ile tunayoipima kila siku kuamua mama apewe dawa ya tamoksifeni au la, inakamata DNA kwa vidole viwili vya zinki, na kila kidole zinki yake imebanwa na sisteini nne. Kwa hiyo ripoti ya ER unayoisoma kila wiki tayari inaongelea protini inayoshika madini, huanzi sifuri kama unavyofikiri.

Vigezo

Kila protini nitaipitisha humo humo: inafanya nini kwenye uvimbe, ushahidi wake umesimama kiasi gani, tunaipimaje kwa vifaa vya huku, nini kinaweza kukudanganya ukaandika jibu ambalo siyo, na mwisho kama kuna dawa au uamuzi wowote wa matibabu unaohusiana nayo. Halafu nasema inamfaa nani.

Kuna mambo mawili yanazikuta zote nne, nayasema hapa hapa nisirudie. La kwanza ni bloku zenyewe. Chukua mama kafanyiwa upasuaji hospitali ya wilaya, mbali, Ijumaa jioni. Titi zima linawekwa kwenye kindoo, formalini imelifunika juu juu tu na hakuna aliyelichana, Jumatatu ndo linasafirishwa, likifika mezani ukipitisha kisu unakuta nje pamekauka pa kijivu, ila katikati bado pekundu, laini, mafuta yanateleza. Pale katikati protini zimeshaanza kuharibika, na antibodi ikishindwa kushika utaandika "hasi" kumbe protini ilikuwepo. Kwa ER na HER2 (protini nyingine tunayoipima kuamua dawa) mwongozo ni tishu ikae kwenye formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, kuanzia masaa 6 mpaka 72, ikiwa imechanwa ili dawa iingie, na formalini iwe nyingi kuizidi tishu mara kadhaa. Tumia kipimo hicho hicho kuchuja bloku zako hata kama unapima kitu kingine.

La pili, wagonjwa wetu wengi wanafika steji ya 3 na ya 4. Swali lako likiwa "je protini hii inahusiana na kusambaa kwenye tezi za kwapani", na karibu wote tezi zimeshaingiliwa, utamlinganisha nani na nani? Liwaze hilo kabla hujaipenda protini yoyote.

Metalothionini

Kazi yake: ni protini ndogo sana, kama amino asidi 61 mpaka 68, ishirini kati ya hizo ni sisteini, na ndizo zinazobana madini, zinki saba kwa molekuli moja au shaba mpaka kumi na mbili. Margoshes na Vallee waliipata mwaka 1957 kwenye figo ya farasi. Kwenye uvimbe inafanya kama stoo ya zinki, inagawa kwa protini zinazohitaji na kuchukua inapozidi, pia inanyonya zile kemikali kali za oksijeni ambazo zingeiua seli. Hapo ndo shida inaanza, maana dawa kama doksorubisini sehemu ya nguvu yake inatoka kwenye kemikali hizo hizo, na sisplatini nayo inaweza kunaswa na zile sisteini, kwa hiyo seli yenye metalothionini nyingi ina namna ya kujikinga na tiba.

Ushahidi: ni mwingi na wa muda mrefu. Tafiti nyingi za kansa vamizi ya mirija ya maziwa zimeona metalothionini ikiwa juu gredi (seli zinavyoonekana mbaya kwa darubini) inakuwa mbaya zaidi na mgonjwa hafanyi vizuri, na mara nyingi inakuwa juu kwenye uvimbe ambao ER ni hasi. Hilo lina uzito kwetu kwa sababu uvimbe wa ER hasi tunao wa kutosha. Ila ziko aina nyingi, 1 mpaka 4, na jeni za aina ya 1 na 2 zimejazana kwenye kromosomu ya 16, kila moja ina tabia yake. MT-2A imehusishwa na kuongezeka kwa seli, na MT-3, ambayo kwa kawaida ni ya ubongo, imeonekana kwenye baadhi ya uvimbe wa titi na siyo dalili nzuri.

Kuipima hapa: hii ndo nguvu yake. Antibodi ya E9 inafanya kazi kwenye bloku za parafini, unapaka rangi, unahesabu kwa darubini ya kawaida. Raha yake nyingine, kontroli imo ndani ya slaidi yenyewe: tafuta mirija ya kawaida ya titi pembeni ya uvimbe, utaona seli za maioepithelia zile za nje zimeshika kahawia, mstari mwembamba umezunguka mrija. Ukizikosa hizo, slaidi hiyo usiisome, rudia. Kasoro ya E9 ni kwamba haitofautishi aina ya 1 na ya 2, kwa hiyo ukitaka kuongelea MT-2A peke yake lazima upime RNA, na hapo bajeti inabadilika kabisa.

Inapodanganya: metalothionini inapanda kwa vitu vingi visivyo kansa. Zinki, kadimi, zebaki, na dawa za steroidi. Sasa fikiria mgonjwa kashaanza kemo, na kabla ya paklitakseli kachomwa deksamethasoni, halafu unachukua titi alilokatwa baada ya hapo ukalilinganisha na bayopsi (kipande kidogo cha uvimbe) ya mtu ambaye hajaanza dawa yoyote. Hujalinganisha kitu. Chukua bayopsi za kabla ya kemo tu. Na kwa kanda yetu uliza kazi ya mgonjwa, wapo akina mama wanaotoka machimbo ya Geita ambako dhahabu inakamatwa kwa zebaki na kuchomwa wazi, kadimi nayo imo kwenye moshi wa sigara. Kwenye faili mara nyingi kazi imeandikwa "mkulima" basi, kwa hiyo kama unafuata wagonjwa wapya weka dodoso lako mwenyewe.

Dawa: hakuna dawa inayotolewa leo kwa kuangalia metalothionini. Utakachotoa ni maarifa ya nani anaweza kuwa sugu kwa kemo.

Inamfaa: mwanafunzi wa patholojia mwenye bloku nzuri, muda mfupi, na anayependa kukaa na darubini.

Feritini na ukoo wa chuma

Kazi yake: feritini ni mpira wenye vipande 24, vizito na vyepesi, ndani unabeba mpaka atomu 4,500 za chuma. Seli inayogawanyika haraka inahitaji chuma kutengeneza DNA, kimeng'enya kinachoandaa malighafi za DNA bila chuma hakiendi. Kwa hiyo seli ya kansa inaongeza mlango wa kuingizia, ambao ni risepta ya transferini, na inapunguza mlango wa kutolea, ambao ni feropotini. Mimi ningekushauri usiichukue feritini peke yake, ichukue na hiyo milango, hadithi inakamilika.

Ushahidi: mwaka 2010 watafiti wa Marekani walionyesha feropotini inapungua kwenye seli za kansa ya titi, na wagonjwa wenye feropotini ya juu na hepsidini (homoni inayofunga mlango wa feropotini) ya chini walikuwa na matokeo mazuri zaidi. Mwaka 2012 kikatajwa kifo cha seli kinachotegemea chuma, feroptosisi, tangu hapo watu wengi wameingia upande huu. Ni eneo linalokua kwa kasi.

Kuipima hapa: una njia tatu. Antibodi kwenye bloku, inawezekana. Feritini ya damu, inapimwa kwenye mashine za kawaida. Na rangi ya Perls, ya bei nafuu, inayokuonyesha chuma kilichojikusanya kwa bluu, ingawa haikuonyeshi feritini yenyewe wala kile chuma chepesi kinachotumika muda huo.

Inapodanganya: hapa ndo naomba usimame kidogo. Feritini ya damu inapanda mwili ukiwa na maambukizi yoyote, na wakati huo huo inashuka chuma kikipungua. Mama wa mwambao wa ziwa anaweza kuwa na kichocho, malaria ya juzi, upungufu wa damu tangu ujauzito uliopita, na uvimbe wa titi uliopasuka ukawa kidonda, vyote kwa pamoja, halafu labda kaongezewa chupa mbili za damu wiki hiyo. Namba moja ya feritini itakuambia nini hapo? WHO mwaka 2020 ilitoa viwango: kwa mtu mzima asiye na maambukizi chini ya mikrogramu 15 kwa lita ni upungufu wa chuma, ila mwenye maambukizi kiwango kinapandishwa mpaka 70. Kwa hiyo ukipima feritini ya damu bila kupima na CRP (protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na maambukizi), bora usipime. Kwenye tishu nako makrofaji zinajaa feritini, ukihesabu kahawia yote unaweza kujikuta umepima seli za kinga badala ya seli za kansa.

Dawa: dawa za kuondoa chuma zimejaribiwa maabara, ila siyo tiba ya kawaida ya kansa ya titi. Na hapa niwaambie ndugu wa wagonjwa pia, maana nimeshaulizwa na binti mmoja, "Dokta, mama aache vidonge vya damu si vinalisha uvimbe?" Hapana. Mama mwenye upungufu wa damu kemo inamsumbua zaidi, na inaweza hata kuahirishwa. Asiache vidonge wala dagaa wala maini kwa sababu ya kitu kilichoandikwa kuhusu seli, amuulize daktari wake. Kinachobadilika kwenye kansa ni namna seli inavyokishika chuma, na huwezi kukirekebisha kwa kumnyima mgonjwa chakula.

Inamfaa: mtu wa tiba au biokemia anayekusanya wagonjwa wapya na anaweza kuwapima vitu vingi siku moja. Ukiwa na bloku za zamani tu, baki kwenye feropotini na risepta ya transferini.

S100A4

Kazi yake: inashika kalsiamu. Ikishika, umbo linafunguka, inaenda kukamata mayosini ya seli, na seli inapata uwezo wa kutembea. Yaani hii ni protini ya kusambaa zaidi kuliko ya kuanzisha. Panya waliopandikizwa jeni hii peke yake hawakupata uvimbe, ila walipozalishwa na panya ambao tayari wana tabia ya kupata uvimbe wa matiti, uvimbe ukaanza kusambaa.

Ushahidi: kundi la Liverpool lilitoa mwaka 2000 utafiti uliowafuatilia wagonjwa kwa miaka mingi, na tofauti ya kuishi kati ya wenye S100A4 na wasio nayo ilikuwa kubwa sana. Kwangu huu ndo ushahidi unaonivutia kuliko wote hapa, lakini angalia ulijengwa juu ya nini: ufuatiliaji wa miaka. Wagonjwa wetu wanatoka Ukerewe, Sengerema, Kagera, Mara, Simiyu, laini ya simu inabadilishwa, wengine wanarudi kijijini hawasikiki tena. Kama hospitali yako haina rejista inayofuatilia, swali la kuishi huwezi kulijibu, na ukilitoa hilo S100A4 inabaki nusu.

Kuipima hapa: bloku na antibodi, sawa na metalothionini. Sasa kosa la kuepuka: maabara nyingi zina antibodi imeandikwa S100 kwa ajili ya melanoma na uvimbe wa neva. Ile inashika zaidi S100B, siyo A4. Ukiitumia hiyo umepima protini nyingine kabisa, na haitajalisha slaidi zimetoka safi namna gani.

Inapodanganya: fibroblasti, limfosaiti na makrofaji zote zina S100A4. Hesabu seli za uvimbe tu, na muwe wasomaji wawili kila mtu kivyake.

Dawa: niklosamidi, ile dawa ya zamani ya tegu ambayo pia inatumika majini kuua konokono wa kichocho, inazima jeni ya S100A4, na Ujerumani wameijaribu kwa wagonjwa wa kansa ya utumbo mpana. Siyo tiba ya kansa ya titi, na tafadhali mtu asije akaenda kutafuta dawa ya konokono.

Inamfaa: mwenye rejista ya wagonjwa na anayefikiria mbali, labda PhD.

MMP-9

Hii nitaenda haraka. Kazi yake: ni kimeng'enya chenye zinki kwenye sehemu ya kukatia, kinakata tishu zinazozunguka uvimbe ili seli zipenye. Ukoo wake ulijulikana mwaka 1962, Gross na Lapière walipochunguza mkia wa kiluwiluwi unavyoyeyuka. Ushahidi kwamba inahusika na uvamizi upo mwingi. Kuipima kwa antibodi inawezekana, lakini antibodi haikuambii kama kimeng'enya kimewashwa au kimelala. Zimografia ya jelatini (kipimo cha kuona kimeng'enya kikikata jelatini) ndo inatofautisha, na hiyo inataka tishu mbichi na friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri isiyozimika umeme ukikatika.

Inapodanganya ni sehemu mbaya kwa wagonjwa wetu: nyutrofili (aina ya seli nyeupe za damu) zinaitunza MMP-9 kwa wingi, na uvimbe wenye kidonda kilichooza una nyutrofili tele. Ukipima kwenye damu tumia plazima (maji ya damu isiyoganda), maana damu ikiganda seli zinaimwaga na namba inapanda yenyewe. Upande wa dawa, marimastati, dawa ya kuzuia vimeng'enya vya MMP, ilijaribiwa kwa kansa ya titi iliyosambaa, majibu ya mwaka 2004 hayakuonyesha faida, na wagonjwa walipata maumivu ya misuli na viungo. Inamfaa aliye na maabara ya utafiti yenye friji ya uhakika na swali kuhusu kidonda chenyewe, ambalo kwa huku ni swali zuri sana na sijaona wanafunzi wakilikimbilia.

Mtu ataniuliza mbona sijaiweka LIV-1, ile inayoingiza zinki na inayopandishwa na estrojeni. Ni nzuri, na ipo dawa inayobeba sumu mpaka kwenye LIV-1 ambayo imeshajaribiwa kwa wagonjwa, ila antibodi yake utaagiza nje, ikae njiani, na kama muda wako ni miezi michache usijitese.

Sasa wewe uko wapi?

Una mwaka mmoja, bloku za zamani na hela kidogo: metalothionini kwenye bayopsi za kabla ya kemo, ukilinganisha na gredi na ER, siyo na steji.

Unaona wagonjwa kliniki kila wiki na unaweza kutoa damu: ukoo wa chuma, na CRP, kipimo cha kichocho na cha malaria viwe ndani ya bajeti tangu mwanzo, visiwe vya kuongezea baadaye.

Kuna rejista yenye majibu ya nani yuko hai: S100A4, hata kama bloku ni chache.

Hela hakuna kabisa: chukua ripoti za ER zilizopo, pitia upya slaidi, ongeza Perls. Ni kazi halali kabisa, usione aibu.

Unataka kupeleka sampuli nje ya nchi kupima RNA: anza na kibali cha maadili na mkataba wa kusafirisha sampuli kupitia NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) kabla hujaandika hata sentensi moja ya mbinu, maana hiyo inakula muda kuliko kipimo chenyewe.

Na yoyote utakayoichagua, kabla ya kumpelekea supavaiza shuka chini kwenye kabati la bloku, toa chache bila kuchagua, angalia slaidi zake za H&E (rangi ya kawaida ya patholojia): kuna uvimbe wa kutosha umebaki? Kuna mrija wa kawaida pembeni? Formalini iliingia? Ukiona nyingi zimeharibika badilisha swali siku hiyo hiyo, ukiwa bado hujaagiza antibodi.